Picha za Wanaoteleza, na Mimi Niliyezoea Kupisha

Kijana akija kwangu kuuliza habari za kupiga picha, huanza na swali lilelile: ninunue kamera gani? Mimi humwambia anijibu kwanza atasimama wapi. Wengi hutaja tena jina la kamera. Wengine hutazamana kama wanaosema mzee amechoka. Sijachoka. Nimefanya kazi hii miaka mitano ndani ya jumba la theluji, Riyadh kwanza na Jeddah baadaye, nikiwapiga picha watu wanaoteleza kwa skii na kwa ubao, na nilipoishika kamera mara ya kwanza nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Shule niliiachia darasa la tano. Ukitaka maneno makubwa ya kamera, mtafute mwenye cheti. Mimi nitakuambia yaliyoniangusha.

Ndiyo, theluji, Saudia. Chekeni mmalize. Nje jua linakuchoma kisogo mpaka unahisi ngozi inataka kubambuka, ukifungua mlango wa pili ndani ni baridi ya friji la nyama, na mbele yako kuna kilima cheupe kilichojengwa na watu, mashine za darini zinamwaga theluji kama unga. Watu wanakodi makoti na viatu, wanapanda juu kwa mkanda, wanashuka wakipiga kelele. Wanawake walikuwa na siku zao, na mpiga picha wao mwanamke. Sisi tulikuwa na siku za wanaume na vijana.

Picha zangu za kwanza, theluji yote ilitoka ya kijivu. Nilizipeleka kwa mwalimu wangu, Rodel, Mfilipino mfupi aliyeshika kamera tangu utotoni, nikiwa nimejaa kiburi kwa sababu angalau watu walionekana. Akaziangalia moja moja, kisha akaniuliza kama nimepiga picha kiwanda cha saruji. Nikadhani kamera mbovu. Haikuwa mbovu. Kamera haijui kuwa theluji ni nyeupe. Inaona mwanga mwingi, inaogopa, inapunguza, na kila kitu kinakuwa na rangi ya jivu. Kwa hiyo mbele ya theluji wewe unaiongezea mwanga kwa mkono wako, hatua moja na nusu, wakati mwingine mbili, hata kama yenyewe inakukatalia. Hilo lilinifurahisha sana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile kupewa ruhusa ya kukibishia kitu.

Betri nazo. Baridi inazila. Niliingia na moja iliyojaa, baada ya nusu saa imekufa, nikaenda kulalamika. Rodel akafungua koti lake akanionyesha: betri tatu zimelala kwapani, kwenye mfuko alioshona mwenyewe. Unazibadilisha, ile iliyopoa unairudisha kwapani, inafufuka. Kitabu hakiandiki kwapa, lakini ndiko zinakokaa.

Sasa niseme nilifikaje pale, maana bila hilo hamtaelewa kosa langu kubwa.

Miaka tisa nilikuwa dereva wa nyumba moja mtaa wa Sulimaniyah. Kafili wangu, yaani tajiri aliyenidhamini kuingia nchi ile, tulimwita baba, kama wanavyoitwa wengi, na mke wake tulimwita madam. Nilimpeleka madam madukani, watoto shuleni, wageni uwanja wa ndege. Kazi ya dereva wa nyumba ina masharti ambayo hakuna anayekuandikia. Macho yako ni ya barabara. Kioo cha kati ni cha kuangalia magari ya nyuma, si watu wa kiti cha nyuma. Mlango ukifunguliwa unarudi hatua mbili. Kwenye kijia chembamba unajibana ukutani hadi wenye nyumba wapite. Unapisha. Miaka tisa nilipisha, mpaka kupisha kukaingia kwenye mifupa. Nilipokuja nyumbani Voi likizo, mke wangu aliniuliza kwa nini nasimama mlangoni mwa nyumba yangu mwenyewe kama nimeleta barua.

Kisha wanawake wakaruhusiwa kuendesha. Madam akapata leseni. Siku ya kwanza alitoka getini mwenyewe, polepole, akanipungia mkono, na mimi nimesimama pale na kitambaa cha kufutia kioo. Sikumlaumu. Aliendesha vizuri, na tangu mwanzo alipenda gari kuliko mimi. Lakini nyumba haikuhitaji tena dereva, na baba akanipeleka kwenye ghala lake Al-Sulay.

Sulay sitaki kuisifu wala kuitukana. Ni magodauni, malori, vumbi, na vigae. Vigae ndivyo nilivyobeba mimi. Katoni moja ya vigae inaonekana ndogo mpaka uibebe ya sitini, kabla ya saa nne asubuhi, ukiwa na umri wangu. Mwaka wa pili mgongo wangu ulianza kunifunga. Nilikuwa naamka kwa kujiviringisha pembeni ya kitanda kwanza, ndipo miguu ishuke. Vijana wa Kitui niliofanya nao kazi walinihurumia, wakinibebea zangu msimamizi akigeuka. Nilijua kwamba siku atakapogundua, nitakatiwa tiketi ya kurudi nyumbani, mtu wa zaidi ya miaka hamsini asiye na ufundi wowote mkononi.

Baba alipofungua jumba la theluji pale Riyadh, aliomba mtu mmoja wa ghala akae kaunta ya viatu. Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Viatu vya skii ni vizito, lakini si vigae. Unampa mtu saizi yake, akirudi unavipokea vimelowa, unavichomeka kwenye mashine ya kukausha, ile yenye mabomba yanayopuliza hewa ya vuguvugu. Miezi minane nilikuwa mtu wa viatu. Nikawa namtazama Rodel akilala kwenye theluji na kamera, na mteja akitoka anaoneshwa picha yake yuko hewani, anashika kichwa kwa furaha. Nikamwambia nataka kujifunza. Hakuniuliza nimesoma hadi wapi. Aliniuliza kama naweza kulala kifudifudi kwenye baridi nusu saa bila kulalamika. Nikamwambia nimelalia vibaya zaidi.

Mkataba wake ulikuwa unaisha. Alikuwa anarudi kwao kwa moja, halas, yamekwisha. Baba alitaka kuleta Mfilipino mwingine. Rodel ndiye aliyemwambia amjaribu huyu wa viatu. Baba alicheka kwanza, kisha akaniita, akanipa neno lake mbele ya Rodel.

"Miezi miwili," alisema. "Tukifungua jumba la Jeddah, kutakuwa na mashindano. Nataka picha moja ya ukuta wa mlangoni, iliyopigwa siku hiyohiyo. Ukiipata, nabadilisha kazi kwenye ikama yako. Usipoipata, makatoni ya Sulay yanakungoja."

Ikama ndicho kibali cha kuishi na kufanya kazi kule. Nikasema ndiyo, baba. Nikarudi hatua mbili, nikapisha.

Miezi ile miwili nilijifunza kwa pupa. Kasi nilijifunza: mtu anayeshuka kilima humpati kwa kasi ya kumpiga picha bibi harusi, unaiweka sehemu moja ya elfu ya sekunde, la sivyo anatoka kama moshi. Taa ya kumulika usiitumie kabisa, inampofusha mtu aliye hewani, na akivunjika ni juu yako. Glavu ya mkono wa kulia ikate ncha ya kidole kimoja. Na usimkimbize mtu kwa kamera. Hili Rodel alinifundisha kwa kitu kidogo. Alitupa glavu nyekundu kwenye theluji, pale ambapo warukaji hutua, akaniambia nielekeze kamera kwenye glavu, niitulize mpaka glavu ionekane kali, nifunge ukali hapo, na nisiiguse tena.

"Mtu asikutie wasiwasi," alisema. "Atakuja mwenyewe. Wewe ijue sehemu yake."

Nikajua. Picha zikawa kali, zenye mwanga, theluji nyeupe kama theluji. Nikaanza kujisikia. Siku moja kabla ya Rodel kuondoka nilimpelekea arobaini nilizozichagua, nikitegemea sifa. Akazipitia zote. Kisha akazirudia. Akaniuliza kama nimeona kitu. Nikamwambia naona kazi safi.

"Watu wako wote wanaondoka," Rodel alisema. "Hakuna hata mmoja anayekuja."

Nikachukua kamera nikaangalia. Ilikuwa kweli. Migongo. Visogo. Makoti kwa nyuma, ubao kwa nyuma, theluji inayorushwa na mtu aliyekwisha pita. Picha arobaini, na sura nilizihesabu: hakuna. Nilikuwa nimejipanga pale kwenye glavu vizuri kabisa, mtu akishuka namwona anakuja, na kabla hajafika mwili wangu wenyewe unasogea pembeni, unampisha, halafu ndipo nabonyeza. Sikujua nafanya hivyo. Miaka tisa ya Sulimaniyah ilikuwa inabonyeza ile kamera, si mimi.

Rodel alicheka, akasema napiga picha kama dereva. Mimi sikucheka. Nililala siku hiyo nikiwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Kesho yake akaondoka. Alinikumbatia, akaniachia ule mfuko wa kwapani, na kamera ya jumba ikabaki shingoni mwangu.

Jeddah nilifika siku mbili kabla ya ufunguzi. Nilifikia kwa Mghanga, mtu wa kwetu Taita, mlinzi wa jengo moja Ruwais karibu na bahari. Mghanga amekaa Jeddah miaka mingi na anaamini kwamba sisi wa Riyadh ni watu wa mashambani. Alinionya kuhusu unyevu wa kule. Alisema shati ukilianika linatoka limelowa kuliko lilivyoingia. Nikamwambia miye nimeshazoea joto, asinifundishe jua. Haya ndiyo majibu ya mtu anayejisikia.

Siku ya mashindano kila mchezaji alishuka mara tatu. Kabla ya mzunguko wa kwanza nilizunguka ndani nikipima mwanga, kamera ikapoa barabara. Kisha nikatoka nje kunywa chai, kamera shingoni. Riyadh nilifanya hivyo kila siku na haikuwa kitu, maana hewa ya Riyadh ni kavu kama biskuti. Hewa ya Jeddah ni supu. Nilikunywa chai yangu, nikarudi ndani, nikaweka jicho kwenye kamera, na sikuona kilima. Kioo kilikuwa kimetoka jasho, juu na ndani, na ule ubaridi wa ndani ukaligandisha lile jasho. Nikafuta na shati, likawa matope meupe. Mzunguko wa kwanza ukapita nikiwa nafuta.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana hili limewaua wengi. Kamera iliyopoa haitolewi nje kwenye unyevu ikiwa uchi. Kabla hujatoka, ukiwa bado ndani ya baridi, iweke kwenye mfuko wa plastiki, funga mdomo wa mfuko kabisa, ndipo utoke. Jasho litashika plastiki badala ya kioo. Ngoja mpaka mfuko wote uwe na joto la nje, ndipo ufungue. Mfuko wa mkate unatosha. Mimi sikuwa nao, na mtu aliyekuwa amenionya nilikuwa nimemjibu ujeuri.

Nilikaa kwenye ngazi za dharura na ile kamera magotini kama mtu aliyeokota mtoto mgonjwa. Niliwaza Sulay. Sikuwaza jambo jingine lolote: niliwaza katoni ya kwanza ya siku ya kwanza, na jinsi ya kuinama. Mle ndani nikasikia watu wanashangilia mzunguko wa pili.

Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa mtu wa viatu. Nilisimama nikaenda kaunta, nikamwomba yule Mnepali aliyekuwa pale anipe bomba moja la mashine ya kukaushia. Akasema mafi, hakuna, viatu vimejaa. Nikachomoa pea mbili mwenyewe, nikatenganisha lenzi na kamera, nikaziweka mbele ya ile hewa ya vuguvugu, na kioo kikaanza kufunguka taratibu kutoka pembeni kwenda katikati. Mnepali akaniuliza kama Riyadh ndivyo tunavyofanya kila siku. Nikamwambia ndiyo, kila siku.

Niliporudi kilimani umebaki mzunguko wa tatu, na katika huo wameshashuka wote isipokuwa wawili. Sehemu ya kutua nilikuwa nimeichagua tangu jana yake. Nikalala kifudifudi kando yake, chini kidogo, ubao utakapogusa na kukata kona. Nikatupa glavu, nikailenga, nikafunga. Wa kwanza akaruka. Akaja. Bega langu la kushoto likaondoka lenyewe. Nilipoangalia kioo cha kamera: mgongo, safi, mkali, theluji nyeupe.

Ingetosha kumwonyesha baba? Ningeweza kujidanganya. Alikuwa hewani, rangi nzuri, hakuna kosa mtu angeweza kulitaja. Lakini nilijua, na ukishajua kosa lako huwezi kulirudisha lilikotoka.

Wa mwisho alikuwa Faisal, mtoto wa kwanza wa baba. Huyu nilimpeleka shule miaka tisa. Nilijua begi lake, nilijua viatu vyake, nilijua anavyofunga mlango wa gari kwa kisigino. Sura yake, ukiniuliza wakati ule, ningekuelezea kwa shida. Sasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, juu ya ubao mweusi, na kila aliyekuwa pale alimpisha, hata wachezaji wenzake.

Nikachomeka viwiko kwenye theluji mpaka vikagota chini. Nikajibana miguu. Akaruka. Nilimwona kwenye kamera mdogo, halafu si mdogo. Akagusa chini, akageuza ubao, na akaja pale nilipo, na kila kitu mwilini mwangu kilisema toka, mtoto wa baba anapita, toka. Sikutoka. Nikabonyeza, nikashikilia kidole.

Theluji ilinifunika kichwa. Nilisikia ubao ukikwaruza, ukapita umbali wa mkono mmoja hivi kutoka sikioni, kisha kishindo cha mtu anayejizuia. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama juu yangu, miwani ameipandisha kwenye kofia.

"Una wazimu wewe?" alisema. "Ningekuvunja shingo. Kwa nini hukutoka?"

Miaka yote jibu la swali kama hilo lilikuwa samahani bosi, na macho chini. Lilinifika mpaka kwenye meno.

"Nilikuwa kazini," nikamwambia.

Nisieleweke vibaya. Alikuwa na haki ya kukasirika. Unapolala kwenye njia ya mtu anayeruka, umwambie kabla hajapanda, mkubaliane upande. Mimi sikumwambia kwa sababu nilikuwa sijawahi kumsemesha bila kuulizwa, na huo ulikuwa upumbavu wangu. Ningeweza kumuumiza kijana wa watu kwa kukosa ulimi tu. Tangu siku ile hakuna mtu niliyempiga picha bila kwanza kupanda juu, nikasema naye uso kwa uso, nikamwonyesha nitakapokuwa. Mchukue hilo kutoka kwenye hadithi hii hata mkisahau mengine yote.

Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka kuichukua kamera aitupe. Nikampa. Akavua glavu kwa meno, akaangalia picha ya kwanza, ya pili, akasimama kwenye ya tatu. Sikuhitaji kuiona, lakini nilisimama nikaiona: ukingo wa ubao umekata theluji na theluji imefunguka kama pazia, na katikati yake uso wake mzima, meno yameuma mdomo, macho ndani ya miwani yananitazama mimi. Siyo kamera. Mimi. Alikuwa ameniona niko pale.

Aliondoka nayo, akiuvuta ubao wake, hadi alipokuwa baba na wageni, na nikawaona wanainamisha vichwa pamoja. Mimi nilikung'uta theluji kwenye magoti. Mgongo ulikuwa umenikaza, na nilipoinuka sikujiviringisha pembeni kwanza, sijui nilisimamaje.

Baba alikuja mwenyewe. Aliniuliza nani kaniambia nilale pale. Nikamwambia hakuna. Akaiangalia tena, akamwangalia mwanawe, akaniangalia.

"Sulay watafute mtu mwingine," alisema, akarudi kwa wageni.

Ikama ilichukua muda wake, karatasi za kule ziko kama za kwetu. Hilo si muhimu. Ninachotaka mkijue ni kilichofuata pale pale, kabla sijafuta hata lenzi. Mashindano yalikuwa yamekwisha, watu wanaelekea mlangoni kula. Faisal alirudi, akanikabidhi kamera kwa mikono miwili, akashusha miwani yake. Akasema anapanda mara moja zaidi, upande wa kulia safari hii. Kisha akasimama, hakupanda. Alikuwa ananisubiri.

"Wewe utalala wapi?" akauliza. "Niambie, nijue nipite wapi."

Nikamwonyesha kwa kidole.